Ulikosa tarehe ya mahakama Kampala? Namna ya kujua kama una hati ya kukamatwa na jinsi ya kuifuta

Kuna wakimbizi hapa Kampala ambao mahakama imetoa hati ya kuwakamata na wao hawajui. Mara nyingi mambo huanza hivi: mtu anakamatwa kwa ugomvi na jirani au kwa tuhuma ya wizi, anafikishwa mahakamani, anapata dhamana na kuambiwa tarehe ya kurudi. Tarehe inatajwa kwa Kiingereza, naye anaona aibu kuuliza. Siku ikifika yuko Nakivale au Kyaka II kwa uhakiki au kuchukua chakula, au anaumwa, au hana nauli. Jina linaitwa mahakamani, hakuna anayeitika. Mwendesha mashtaka anaomba hati ya kumkamata, hakimu anatia sahihi, na wadhamini wanaitwa waje kujieleza.

Hati hiyo haiishi kwa kupita muda. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uganda, inabaki na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama ileile iliyoitoa. Ukihama Nsambya ukaenda kuishi makazini, ipo. Ukibadili namba ya simu, ipo. Inaweza kulala kwenye faili miaka, halafu ikaibuka siku unakwenda polisi kwa jambo lingine kabisa.

"Lakini tulishapatana"

Hili ndilo linalowaponza wengi. Wazee wa jumuiya au mwenyekiti wa LC1 wamewakalisha, fidia imelipwa, mmepeana mikono, na kila mmoja anaamini yamekwisha. Mahakamani hayajaisha. Angalia karatasi ya mashtaka: imeandikwa Uganda dhidi yako, si jirani dhidi yako. Kesi ya jinai ni ya serikali, na mlalamikaji hawezi kuifunga akiwa nyumbani kwake.

Mapatano yenyewe si kitu kibaya. Sheria inamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya watu binafsi, kama kupigana bila kuumizana sana. Ila ni lazima afahamishwe. Andikeni mapatano, yatiwe sahihi na pande zote mbili na mashahidi, kisha wewe na mlalamikaji mwende nayo mahakamani siku ya kesi. Mpaka hakimu atakapoandika kwenye faili kwamba kesi imeondolewa, tarehe yako inakusubiri.

Utajuaje kama hati ipo?

Anza na karatasi ulizonazo: ya dhamana, ya mashtaka, au ile ya polisi yenye namba inayoanza na CRB. Namba ya CRB ni ya kituo cha polisi, namba ya kesi ni ya mahakama. Ukiwa na moja wanaweza kuitafuta nyingine. Kama zote zimepotea, kumbuka angalau kituo ulichoshikiliwa, mwezi na mwaka, na jina lako lilivyoandikwa. Majina yetu huandikwa vibaya sana: aliye Mugisho kwenye kadi ya OPM anaweza kuwa Mugisha kwenye faili. Mpe karani majina yote mawili.

Kisha tambua mahakama. Kampala ina mahakama kadhaa za mahakimu, zikiwemo Buganda Road, Makindye, Mengo na Nakawa, na kila moja ina mafaili yake. Kesi za Kabalagala mara nyingi huenda Makindye, na za kituo kikuu cha polisi cha katikati ya mji huenda Buganda Road. Usikisie, watu wa kituo chenyewe wanajua walipeleka faili wapi.

Ukifika, nenda kwenye chumba cha mafaili ya jinai umwombe karani aangalie kesi iko kwa hakimu gani, mara ya mwisho iliitwa lini, na hakimu aliamuru nini. Orodha ya kesi za siku pia hubandikwa kwenye ubao wa mahakama. Kama unaogopa kwenda mwenyewe, na hofu hiyo inaeleweka, mwanasheria au msaidizi wa kisheria anaweza kukuulizia kwanza.

Kujipeleka si sawa na kuletwa

Tuseme hati ipo. Unaweza kungoja ukamatwe, labda Ijumaa jioni ulale mahabusu, au unaweza kwenda mwenyewe. Mbele ya hakimu tofauti ni kubwa, kwa sababu swali lake la kwanza ni kama ulikuwa unaikimbia kesi. Aliyekuja kwa miguu yake, na wadhamini wake wakiwa nyuma, ameshajibu nusu ya swali.

Fika asubuhi mapema kabla kesi hazijaanza, umwambie karani wa hakimu husika kwamba umekuja kujisalimisha kwa sababu ya hati. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi, karatasi ya dhamana, na ushahidi wa kilichokuzuia: karatasi ya hospitali, tiketi ya basi, ujumbe wa simu ulioitwa kwenye uhakiki. Wadhamini waje na vitambulisho vyao na barua ya LC1. Kama hujui Kiingereza, omba mkalimani. Katiba inakupa haki hiyo bila malipo.

Hakimu anaweza kuifuta hati na kukuongezea dhamana, au kukupa masharti magumu zaidi. Anaweza pia kuifuta dhamana na kukupeleka rumande. Hakuna anayeweza kukuahidi matokeo, na anayekuahidi kwa pesa anakudanganya. Ndiyo maana ni vizuri kumwona mwanasheria kabla ya siku hiyo.

Wakumbuke na wadhamini wako. Walitia sahihi kiasi fulani cha shilingi, na usipoonekana mahakama inaweza kuwadai wakilipe. Urafiki mwingi umevunjika hapo.

Ukikamatwa kabla hujaenda

Omba kuonyeshwa hati. Inatakiwa kuwa na jina lako, kosa, sahihi ya hakimu na muhuri wa mahakama. Una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa na kumpata wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Usimpe mtu pesa ili "achane" hati. Askari hana uwezo wa kuifuta. Utakuwa umenunua ukimya wake tu, na kesho atakuja mwingine.

Wengi wanauliza kama watafukuzwa nchini. Hati ya kukosa mahakama haikuondolei hadhi ya ukimbizi. Hadhi hiyo inasimamiwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na vyombo vyake, si na hakimu wa kesi yako.

Kuna pia hati za madeni. Hizi hutoka kwenye kesi za madai, na anayekuja kukukamata ni dalali wa mahakama. Mdaiwa aliyeshindwa kesi anaweza kuwekwa gereza la madai hadi miezi sita. Ukipata karatasi ya kukuita ueleze kwa nini usikamatwe, nenda siku hiyohiyo na pendekezo la kulipa kidogo kidogo.

Msaada wa kisheria wa bure unapatikana Refugee Law Project iliyoko Old Kampala, mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, Justice Centres Uganda, na FIDA kwa wanawake. Piga simu kwanza kabla ya kutumia nauli. Kama hujui uanzie wapi, namba ya bure ya FRRM ni 0800 323232, na unaweza kuomba kuongea Kiswahili.

Hati ikifutwa, usiondoke mahakamani mikono mitupu. Omba nakala ya amri iliyogongwa muhuri, peleka moja kituo cha polisi kilichokukamata mwanzo, na nyingine uiweke pamoja na kadi yako ya OPM. Polisi wanaweza kuwa bado na karatasi ya zamani.