Mpingo, Mti wa Thamani na wa Dawa

Mgeni akiuona mpingo porini huenda akaupita asiutazame mara ya pili. Si mti wa fahari: mara nyingi una mashina kadha yaliyopindika, gome la kijivu, na matawi yenye miiba. Thamani yake imo ndani. Chini ya gome mna mti mweupe mwembamba, na katikati kiini cheusi, kigumu na kizito hata kikitiwa majini huzama.

Wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon. Ni wa jamaa moja na kunde na maharagwe, na mizizi yake husaidia kurutubisha ardhi. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Maganda ya mbegu ni membamba kama karatasi, nayo huchukuliwa na upepo. Wakati wa kiangazi majani hupukutika. Katika Kenya huota sehemu kavu. Wakamba huuita muvingo. Katika Tanzania ndio mti wa taifa.

Waganga wa kienyeji wameutumia tangu zamani. Mizizi huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa maumivu ya tumbo, kuhara na minyoo. Maji ya gome lililochemshwa huoshea vidonda. Moshi wa mizizi huvutwa na mwenye kuumwa kichwa au kifua. Lakini kipimo cha dawa hizi hutofautiana kwa kila mganga. Kwa hiyo mtoto anayeharisha sana apelekwe hospitali bila kukawia.

Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kwa mbao, ilhali wachonga vinyago na watengenezaji wa zumari za Ulaya huutafuta sana. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa CITES, na kwa kawaida mbao zake huhitaji kibali.

Achimbaye mizizi yote kwa ajili ya dawa ya siku moja ameua mti wa karne nzima. Mkulima mwenye busara huchukua kidogo tu, kisha hufukia shimo. Akiona chipukizi zikitoka kwenye kisiki au mizizini, huzilinda na moto na mifugo. Huenda yeye mwenyewe asivune mbao zake, lakini wajukuu wake watamshukuru.