Maji Taka ya Nyumbani na Jirani Yetu wa Chini ya Mto



Mto Mirongo hukatiza katikati ya Jiji la Mwanza na kuingia Ziwa Victoria. Katika vilima vinavyouzunguka, kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo au karo. Wengi wetu huamini kwamba karo lisilofurika wala kutoa harufu halimdhuru mtu. Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Karo huzuia tope na mafuta. Lakini naitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika mkojo, hupita ikiwa imeyeyuka majini hadi kwenye shimo la kunyonyea. Ikikutana na hewa udongoni, bakteria huigeuza kuwa naitreti. Naitreti haina rangi wala harufu, na udongo hauishiki; husafiri na maji ya chini ya ardhi hadi visimani na mitoni.

Ifikapo ziwani, pamoja na fosforasi, huwa mbolea ya mwani na magugu maji. Mimea hiyo ikioza, oksijeni majini hupungua na samaki hufa. Kisimani, naitreti nyingi huhatarisha hasa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, kwa kuwa damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja. Tukumbuke: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuache kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Tope liondolewe na gari la majitaka na kupelekwa kwenye mabwawa ya kusafishia. Pili, panapowezekana, tujenge vyoo vinavyotenga mkojo. Ukihifadhiwa vizuri katika chombo kilichofunikwa, kisha ukachanganywa na maji, hurutubisha mahindi badala ya magugu. Tatu, shule na vituo vya afya vyenye eneo la kutosha vipitishe maji ya karo katika vitalu vya changarawe vilivyopandwa matete. Penye hewa, amonia hugeuka naitreti. Pasipo na hewa, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hurudi angani bila madhara.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa *Laudato si’* wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Katika malezi ya seminari tulizoeshwa kuchunguza dhamiri kila jioni, lakini ni mara chache tulijiuliza maji ya bafuni mwetu yalikwenda wapi. Kwa hiyo sisi mapadre tuanze na karo za parokia zetu: lini zilinyonywa mara ya mwisho, na nani anachota maji chini yake? Huyo anayechota ndiye jirani tuliyeamriwa kumpenda.