Nyimbo za CD ziko kwenye kle USB lakini hazilii: angalia mkia wa jina

Mtu anatoka Karuba na CD ya zamani ya kwaya, anashuka mpaka Goma, anatafuta secrétariat public yenye bado iko na ordinatere ya kuingizia CD. Wanamukopia nyimbo 12 kwenye kle USB, sekunde chache tu, analipa, anapanda tena Masisi. Kufika nyumbani, kle inaonyesha majina yote, Track01.cda mpaka Track12.cda, na hakuna hata wimbo moja unaolia. Ubaya ni kwamba mara nyingi ile CD imeisha kupewa mtu mwingine ao kutupwa, juu kila mtu alifikiri nyimbo ziko salama.

Zile fishie za .cda siyo nyimbo. Kila moja iko na okteti 44 tu. Ni alama inayoambia ordinatere wimbo fulani unaanzia wapi kwenye CD na unachukua muda gani. Ni kama kuandika kwenye karatasi namba ya nyumba ya mtu, halafu kusema umemuleta huyo mtu. Bila CD yenyewe, hakuna fundi atakayetoa sauti ndani yake, hata akikuomba pesa ngapi. Kubadilisha .cda kuwa .mp3 pia hakusaidii kitu.

Uzito wa fishie ndio unasema ukweli. Sauti ya CD inachukua karibu mega 10 kwa dakika moja. Kwa hiyo wimbo wa dakika 4 unapashwa kuwa na mega 42 hivi kama uko kwa WAV, yaani sauti nzima bila kubanwa. Kwa FLAC, ambayo ilitoka mwaka 2001, uzito unapungua, mara nyingi mpaka karibu nusu, lakini hakuna sauti inayotupwa: ukiifungua tena unapata kila kitu kama kilivyokuwa kwenye CD. MP3 inabana kwa kutupa sehemu ya sauti. Ile ya kawaida ya kilobiti 128, wimbo huo wa dakika 4 unabakia na mega 4 tu.

Ili kutoa nyimbo kwenye CD, usikopi kwa mkono. Windows Media Player ya Windows 10 inaweza kuzitoa kwa WAV ao FLAC, inatosha kuchagua mbele ya kuanza. Kuna pia programu ya bure inaitwa Exact Audio Copy, mafundi wa studio wanaipenda juu inasoma polepole na kurudia pale CD imekwaruzwa. Lakini hapo ndipo ugonjwa wa pili unapoingia. Exact Audio Copy inaachia mtumiaji aandike mwenyewe mkia wa jina. Kama pale pamebakia .mp3 na yeye anatengeneza FLAC, atapata fishie 12 nzuri kabisa za FLAC zinazojiita MP3. Radio ndogo ya soko inajaribu kuzisoma, inashindwa, na watu wanasema kle imekufa.

Mkia, ao ekstansio, ni zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Ni jina tu. Windows inauficha toka mwanzo, ndiyo maana mtu anaweza kuandika .flac bila kujua kwamba nyuma yake kuna .mp3 ingine. Kwa kuuona: fungua dosye, bonyeza « Affichage », weka alama kwa « Extensions de noms de fichiers ». Kwenye Windows 11 unapitia « Affichage », halafu « Afficher ».

Kisha fungua wimbo na VLC, ambayo mara nyingi haijali jina, inaangalia ndani. Bonyeza Ctrl na J pamoja. Ukisoma FLAC, basi ni FLAC hata jina liseme nini. Ukisoma PCM, mara nyingi ni WAV. Ukisoma MPEG Audio, ni MP3 ao ndugu yake. Kama jina na ndani havipatani, kopi kwanza dosye yote pembeni, halafu bonyeza F2 na uandike mkia wa kweli. Windows itakuogopesha kwamba fishie inaweza kuharibika. Kubali tu, juu ndani hakuna kinachoguswa.

Lakini hapa watu wengi wanachanganya. Kama radio yako inataka WAV na wewe uko na FLAC, kubadilisha jina hakutoshi, inabidi programu igeuze sauti yenyewe. Na MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV itakuwa nzito tu. Kile kilichotupwa hakirudi.

Kwa Masisi hii siyo michezo ya vijana wa studio. Watu wamekimbia vita mara nyingi, na kle inaingia mfukoni kuliko sanduku la CD. Hadisi ya Mwindo ya Banyanga wa Walikale, ambayo mzee Candi Rureke aliieleza mwaka 1956, inasomeka mpaka leo juu ilichapishwa kitabu mwaka 1969. Kwaya ya kijiji haina kitabu. Sauti ya mama aliyekuwa anaongoza wimbo, na ambaye amekufa, iko kwenye ile CD moja.

Kwa hiyo mbele ya kurudisha CD kwa mwenyewe, chomoa kle, ipeleke kwa ordinatere ingine na usikilize kila wimbo mpaka mwisho, siyo mwanzo tu. Mikwaruzo mingi iko kwa ukingo wa CD, na kwenye CD iliyojaa, nyimbo za mwisho ndizo ziko huko.