Usitazame Tumbo Pekee, Tazama Viganja

Mtoto akivimba tumbo, majirani huwa wameshamaliza uchunguzi: ana minyoo, mnunulie kidonge. Hapa Kajiado, kutoka Laiser Hill hadi Kitengela, duka la dawa haliko mbali. Lakini tumbo hudanganya. Hutokezwa na utapiamlo, gesi au wengu uliovimba, na hata mtoto mwenye afya njema huwa na kitumbo chake.

Afisa wa kliniki makini huanzia kwingine. Hufungua kiganja cha mtoto akakilinganisha na chake, akavuta kope la chini, akatazama ulimi. Mnyoo wa safura una urefu wa sentimita 1 hivi, nao hung'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu. Ikiwa mingi, mtoto hupauka, moyo humwenda mbio, na anemia ikikaa sana kucha hubonyea kama kijiko. Katikati ya vidole vya miguu huweza kubaki vipele vya kuwasha, pale mabuu yalipotoboa ngozi.

Kisha ndipo mkono huenda tumboni. Minyoo mikubwa ya mviringo, ambayo hufikia sentimita 30, ikijisokota pamoja huweza kuhisika kama donge. Donge, kutapika na kukosa choo vikikutana, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mikwaruzo kwenye njia ya haja, kwa mtoto asiyelala kwa kujikuna, huelekeza kwenye minyoo midogo myeupe mithili ya uzi.

Hata hivyo, wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote mwilini. Choo kipimwe kwa hadubini.

Na Kajiado ina lake. Safura hupenda udongo wenye unyevu. Ndiyo maana mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni, ulioanza 2009, umeelemea magharibi na Pwani. Kwenye ardhi hii kavu, penye mifugo na mbwa wengi, mimi ningeogopa zaidi tegu wa mbwa. Huyu huishi utumboni mwa mbwa, lakini binadamu akimeza mayai yake, humwotea uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Hukua miaka mingi bila maumivu, hadi mkono uuguse chini ya mbavu za kulia. Uvimbe huo hautibiki kwa kidonge kimoja cha dukani. Mgonjwa apigwe picha ya ultrasaundi kwanza, wala uvimbe usitobolewe ovyo: maji yake yakimwagika ndani huweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, na kupanda vivimbe vingine.