Neno 'Kuamini' katika Utafiti wa Uzamili wa Sosholojia: Mfano wa Butembo na Beni

Mnamo Septemba 2018, wiki chache baada ya mlipuko wa Ebola kutangazwa rasmi tarehe 1 Agosti, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo, mkoani Kivu ya Kaskazini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu The Lancet Infectious Diseases. Asilimia 31.9 tu ya wahojiwa walikuwa na imani kwamba viongozi wa mahali pao wanawakilisha maslahi yao, na asilimia 25.5 hawakuamini kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa kweli. Takwimu hizo zimenukuliwa mara nyingi, na mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya miji hiyo miwili hawezi kuzikwepa.

Lakini mwanafunzi huyohuyo, akisoma vitabu vya sosholojia juu ya Butembo, atakuta picha tofauti kabisa. Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya wafanyabiashara wa Zaire, na Timothy Raeymaekers, katika kitabu chake cha mwaka 2014, wanawaeleza Wanande kama watu ambao biashara yao inasimama juu ya kuaminiana. Wafanyabiashara wa Butembo hushirikiana kuagiza makontena ya bidhaa kutoka Asia, na dola ilipodhoofika walichangishana fedha za kutengeneza barabara. Yawezekanaje mji mmoja uwe mfano wa kuaminiana katika kitabu kimoja, na mfano wa kutoaminiana katika kingine? Jibu la haraka ni kwamba watu huaminiana wao kwa wao na hawaiamini serikali. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka hatua moja, nayo ni hatua ya lugha.

Tasnifu ya uzamili huko huandikwa kwa Kifaransa. Maswali hutungwa kwa Kifaransa, huulizwa kwa Kinande au kwa Kiswahili, kisha majibu hurudishwa katika Kifaransa. Butembo Kinande ndiyo lugha ya nyumbani ya walio wengi. Beni, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 54 kaskazini, ina mchanganyiko mkubwa zaidi wa watu, na Kiswahili husikika zaidi. Sasa, Kifaransa kina kitenzi kimoja cha kusadiki kwamba jambo lipo, na msemo mwingine wa kumwamini mtu kiasi cha kumkabidhi mambo yako. Kiswahili hubeba yote mawili kwa kitenzi 'kuamini'. Katika mzizi huohuo wa Kiarabu mna 'imani', ambayo katika mji wenye Wakatoliki wengi kama Butembo humpeleka msikilizaji kanisani kwanza, na mna 'amana', yaani mali iliyowekwa kwa mtu. Mwanafunzi akiuliza, 'Unaamini Ebola?', ameuliza maswali mawili au matatu kwa pamoja, na jibu 'siamini' halimwambii ni lipi lililojibiwa.

Jibu lenyewe nalo lina mitego yake. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki kiambishi '-ko' hakikomei mahali. Kimekuwa pia kitenzi kishirikishi: husemwa 'iko mugonjwa' pale ambapo Kiswahili sanifu husema 'ni mgonjwa'. Kwa hiyo 'Ebola haiko' yaweza kuwa na maana ya kwamba ugonjwa huo haupo duniani, au haujafika mtaani hapa. Na 'haiko Ebola' ni kusema tu kwamba marehemu fulani hakuuawa na Ebola bali na kitu kingine. Mtu wa Beni alikuwa na sababu ya kutaka kusema hilo la mwisho. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo hilo walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, mamia kwa mamia, na hata swali la nani wauaji lilikuwa na ubishi: ripoti ya mwaka 2016 ya kundi la utafiti juu ya Kongo ililiweka swali hilo katika jina lake. Ugonjwa ulipoingia, wageni wengi, magari na fedha vilifika pamoja nao. Aliyesema 'haiko Ebola' huenda alikuwa anauliza kwa nini hayo yote hayakuja miaka minne nyuma. Akitiwa katika safu ya wasiosadiki kuwapo kwa kirusi, amesajiliwa kama mjinga, hali alikuwa anatoa hoja ya kisiasa.

Mambo ya mwezi Desemba 2018 yaliongeza ugumu. Tarehe 26, Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa sababu za Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake waandamanaji wa Beni walishambulia kituo cha Ebola. Tarehe 30, nchi ilipopiga kura, wakazi wa Beni walijiandalia uchaguzi wao wenyewe usio rasmi. Naye rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya miji hiyo kupiga kura. Baada ya hapo neno 'Ebola' lilikuwa pia jina la sababu ya kunyimwa kura, na hojaji ya Septemba isingeweza kurudiwa kwa maneno yaleyale na kudai kwamba imeuliza kitu kilekile.

Msamiati wa kazi ya kupambana na ugonjwa ulikuwa na taabu yake. Timu zote ziliitwa kwa neno la Kifaransa 'riposti', lenye maana ya kujibu shambulio. Kitenzi 'kukamata' katika Kiswahili cha huko ni kuchukua tu, kama mtu anavyokamata maji au kitabu, lakini maana ya kutia nguvuni ipo palepale. Anayeandika kwamba wagonjwa 'walikamatwa' hana budi kueleza ni ipi. Na yeyote aliyebisha hodi akiwa na karatasi, akitaka majina ya waliomo nyumbani, alifanana na wale waliokuwa wakiwafuatilia kwa siku 21 watu waliokutana na wagonjwa. Mwanafunzi wa sosholojia naye huja na karatasi.

Hatari hiyo haikuwa mbali na kumbi za masomo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha walivamia hospitali ya chuo hicho na kumwua Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Kuhusu masomo yenyewe, yatosha kusema machache. Kwa mfumo wa zamani wa Kongo, 'gradua' ilichukua miaka mitatu na 'lisansi' miwili zaidi. Mageuzi yaliyotokana na sheria ya mwaka 2014, na kuenezwa kuanzia mwaka wa masomo 2021/2022, yameifanya lisansi yote kuwa ya miaka mitatu, ikifuatwa na masta ya miaka miwili. Jina limebaki lilelile huku kipimo kikibadilika, kwa hiyo mwenye lisansi ya zamani na mwenye lisansi mpya hawana shahada moja. Huko Beni kipo pia chuo kikuu cha Kikristo kinachojiita cha lugha mbili. Lugha hizo ni Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, kimojawapo cha lugha nne za taifa, hubaki uani, mahali ambapo data hukusanywa.

Palipo na msimamizi makini, tiba si ngumu. Swali huandikwa katika tasnifu kwa lugha lililoulizwa, na jibu huambatishwa jinsi lilivyotamkwa, pamoja na 'ba-' na 'iko' zake, bila kusanifishwa. Mtu wa pili, asiyeona swali la awali, hutafsiri upya kwa Kifaransa. Badala ya 'unaamini viongozi?' huulizwa mambo yanayoonekana: ni nani ungemwachia funguo za duka, ni nani ungempa fedha bila kuandikiana, mtoto akipata homa usiku humwita nani kwanza. Maswali ya namna hii Butembo huyajibu kwa kirefu, maana ni ya kila siku sokoni. Majibu yake hayatoi asilimia moja nyepesi ya kunukuliwa, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi bado huchagua hojaji yenye visanduku vya 'ndiyo' na 'hapana'.