Kamera ya Kawaida kama Zana ya Kukusanyia Data za Michezo ya Ndani: Mpira wa Meza katika Mazingira ya Idodi

Katika utafiti wa michezo, picha mnato si pambo la tasnifu bali ni data. Data hiyo ikiwa na ukungu, mtahini ana haki ya kulikataa hitimisho lililojengwa juu yake. Sehemu hii inafafanua maswali yanayoweza kujibiwa kwa kamera ya kawaida ya dijitali katika ukumbi usio na taa za mashindano, kwa kuzingatia mazingira ya vijijini kama Idodi, Wilaya ya Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Kikwazo cha kwanza ni mwendo. Mpira wa meza una kipenyo cha milimita 40. Ukisafiri mita 20 kwa sekunde, shata ikiwa wazi kwa 1/100 ya sekunde, mpira husogea sentimita 20; kwa 1/500 husogea sentimita 4, yaani kipenyo chake kizima. Picha ya namna hiyo haiwezi kuthibitisha iwapo mpira uligusa ukingo wa meza.

Kikwazo cha pili ni mwanga. Lenzi zinazouzwa pamoja na kamera nyingi huishia tundu la f/5.6 zinapovutwa, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga takribani mara kumi zaidi. Kupandisha ISO husaidia, lakini huongeza chembechembe. Flashi haifai, kwani humsumbua mchezaji na kubadili tabia inayochunguzwa. Aidha, umeme wa Tanzania huwa na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za mirija hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, na picha za 1/500 zinazofuatana hutofautiana kwa mwanga na rangi. Inapowezekana, picha zipigwe mchana, taa zikiwa zimezimwa, mpiga picha akiyapa madirisha mgongo.

Mipaka hii haiufuti utafiti, bali huelekeza swali lake. Kanuni za kimataifa humtaka anayeanzisha mchezo arushe mpira juu walau sentimita 16. Mpira unaorushwa kimo hicho huanza kwa kasi isiyofikia mita 2 kwa sekunde. Kwa 1/250 hausogei zaidi ya milimita 8. Hivyo basi, uanzishaji unaweza kuchunguzwa kwa kamera ya kawaida, ilhali mguso wa ukingoni hauwezi.

Kwa mintarafu hiyo, inapendekezwa kwamba sura ya mbinu za utafiti itaje kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO ya kila picha iliyotumika kama ushahidi.