Faiba Inapita, Haisimami

Pembeni ya lami iendayo Dodoma mjini, hapa Buigiri, kuna kijiguzo kifupi cha zege ambacho jirani yangu hufungia mbuzi. Maandishi yake yameanza kufutika, lakini bado yanasomeka: usichimbe, kuna mkongo. Kila nikimwona yule mbuzi akijikuna pale, najisemea huyu ndiye aliye karibu na intaneti ya kasi kuliko sisi sote wenye fremu.

Watu huniuliza mbona waya uko mita chache tu kutoka mlangoni, na sisi bado tunahesabu MB. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, mwaka uleule waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, na kazi yake ni kuunganisha miji. Mfano wake ni treni ya SGR: inakata wilaya yetu ya Chamwino kila siku, lakini huwezi kuipungia mkono ikakupakia. Ili faiba ikushukie nyumbani lazima kwanza kiwepo kituo cha kuipokea, halafu waya wa mtaani juu ya nguzo, kisha visanduku vya kuugawa, ambapo waya mmoja huhudumia nyumba 32 au 64. Bila visanduku hivyo, kijiguzo ni cha mbuzi tu.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia, kijana mwenye fulana ya kampuni moja alipita fremu kwa fremu akiandika majina na namba za simu. "Mwezi ujao tu, bosi, mnawashiwa." Tukavuna, uwele ukaingia ghalani, mvua zikarudi. Mimi nilikuwa namsubiri. Kwa kuwa faiba iko njiani, niliona haina maana kununua kitu kikubwa, nikawa naishi kwa bando la siku: buku asubuhi, jero mchana, buku tena usiku watoto wakitaka katuni. Jumapili moja nikakaa na simu nikajumlisha ujumbe wote wa miamala ya mwezi. Sh 74,500. Sijawahi kutoa pesa hiyo kwa mkupuo kwa ajili ya intaneti, ningeumia. Lakini kwa jero jero ilitoka bila hata kupiga kelele.

Rafiki yangu mwenye steshenari alifanya kinyume. Yeye alichoka kusubiri, akasaini mkataba wa mwaka mzima na kampuni ya simu ambayo sitaitaja, kwa sababu ruta aliambiwa ni ya bure. Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Halafu akagundua kwamba kona ya fremu yake haishiki mnara wa kampuni hiyo vizuri, hasa jioni kila mtu akiwa mtandaoni, na ile ruta haikubali laini ya mtandao mwingine. Dirisha la mikopo ya HESLB lilipofunguliwa na foleni ya wanafunzi ikafika nje, mzee mzima alikuwa anawasha hotspoti ya simu yake, huku pesa ya mkataba ikiendelea kukatwa.

Mimi na yeye tumekosea kwa namna mbili tofauti, na nikitazama naona karibu kila anayesubiri faiba anaangukia upande mmoja kati ya hizo mbili.

Tuanze na bando. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilieleza kuwa bei ya MB moja inapaswa kuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Piga kwa 1,024 upate GB: kwenye sakafu ni kama Sh 2,080, kwenye dari ni zaidi ya Sh 9,500. Mwenye bando la jero jero mara nyingi hayuko sakafuni, kwa sababu vifurushi vidogo huuzwa ghali kwa kila MB kuliko vya mwezi. Sasa chukua kifurushi cha ruta kisicho na kikomo, tuseme Sh 120,000 kwa mwezi (hii ni namba ya mfano, weka yako). Gawanya kwa 2,080, unapata karibu GB 58. Chini ya hapo, bando la mwezi la bei nzuri linaweza kukutosha. Juu ya hapo, kila siku unayoendelea na bando unajinyonga.

GB 58 ni nyingi au chache? Inategemea nyumba inatazama au inasikiliza. Saa moja ya video ya kawaida ya simu hula kama nusu GB. Ukiipandisha iwe angavu kwenye runinga kubwa, inafika GB 2 au 3. Saa moja ya sauti tupu, kwa kiwango cha kilobiti 64, haifiki hata MB 30. Hapa Buigiri tuna shule ya wasioona ya tangu 1950, na mtu anayepakua vitabu vya sauti anaweza kusikiliza mwezi mzima kwa data ambayo mwanangu anaimaliza kwa mechi moja na marudio yake. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kampuni yoyote, fungua mipangilio ya simu uone mwezi uliopita mlikula GB ngapi. Namba iko pale, ni bure.

Sasa mkataba. Tuseme kampuni ya kwanza inakupa ruta bure na inataka Sh 100,000 kwa mwezi, kwa miezi 12. Ya pili inakuuzia ruta Sh 150,000 iwe mali yako, na kila mwezi Sh 120,000, ukitaka unalipa, usipotaka unaacha. Ukikaa mwaka mzima, ya kwanza ni Sh 1,200,000 na ya pili ni Sh 1,590,000. Uhuru wako umeununua kwa Sh 390,000, si kidogo. Lakini faiba ikifika mwezi wa tano, kwenye ya pili umetoa Sh 750,000 na ruta unayo, na kwenye ya kwanza bado unadaiwa mwaka wote, au faini ya kuvunja. Mpaka uko karibu na mwezi wa tisa: ikija kabla, aliyelipa mwezi mwezi kashinda, ikija baada, aliyesaini kashinda.

Kwa hiyo swali si bei, ni faiba itakuja lini, na hapo mimi simwamini tena mwenye fulana. Naamini nguzo. Ukiona waya mweusi umefungwa nguzo kwa nguzo mtaani na visanduku vidogo vimeanza kuning'inia, miezi tisa ni mingi, usisaini kitu. Ukiona karatasi ya majina tu, ihesabu kuwa haiji, kisha ununue kama mtu atakayekaa na alichonunua.

Rafiki yangu alikosa jambo moja kubwa zaidi ya bei: hakujaribu. Kabla ya kutoa hata senti, azima laini za mitandao yote kwa majirani, pima kasi mahali ruta itakapokaa, na upime saa mbili usiku. Saa nne asubuhi kila mnara ni mzuri. Sogea dirishani, pima tena. Nilikuta mita mbili za kusogea ndani ya chumba kimoja zinabadilisha kasi kuliko kubadili kampuni. Halafu uliza kama ruta inapokea laini zote. Iliyofungwa kwa mtandao mmoja inageuka takataka siku unayohama, au unampelekea fundi akaichakachue na ubaki na wasiwasi wako.

Umeme usiwatishe. Ruta ya wati 10 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 7 hivi kwa mwezi, kama Sh 2,500 kwenye LUKU ya kawaida, na chini ya elfu kwa aliye kwenye bei ya wanaotumia uniti chache.

Wapo wanaosema tungoje setilaiti. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na Agosti 2024 ikaanza kukodisha vifaa huko kwa KSh 1,950 kwa mwezi badala ya kumlazimisha mtu kununua, mpango unaomfaa hasa anayesubiri. Novemba mwaka huohuo ikasimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi imejaa. Anayekuletea sahani ya Starlink ya magendo kutoka mpakani Namanga mwambie TCRA ina ofisi Dodoma, ni jirani yetu.

Ofisi hiyohiyo ndiyo unapopeleka malalamiko, baada ya kuyapeleka kwanza kwa kampuni na kushindwana. Kanuni za vifurushi za 2021 zinataka uarifiwe bando likifika asilimia 75 na likiisha, na usikatwe salio la kawaida bila kukubali. Wengi hawajui, wanakatwa na kunyamaza.

Hata faiba ikifika, laini ndogo ya akiba msiitupe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na nchi nzima ikajikongoja siku kadhaa, wenye faiba na wenye bando pamoja.

Mimi sasa nina ruta yangu ya laini zote, imekaa juu ya kabati la dirishani, nalipa mwezi kwa mwezi. Wiki iliyopita vijana wawili wenye tepu na rangi nyekundu walipita wakipima pembeni ya barabara, wakasimama kabisa kwenye kile kijiguzo, mbuzi akawapisha. Nikatoka mbio na kandambili. Walikuwa watu wa maji. Nikarudi ndani nikalipia mwezi mwingine mmoja.